Pembe za Jaruba la Nagai

Habari ilifika Igoma, kwetu Mwanza, mwishoni mwa Agosti 2025, na ilifika kupitia simu ya kijana wa bodaboda. Aliisoma kwa sauti abiria wake akiwa ameshapanda: Japani imeipa Tanzania mji. Mji wenyewe unaitwa Nagai. Kufikia jioni, kijiwe cha kahawa pale karibu na stendi kilikuwa kimeshagawa viwanja. Mmoja alitaka kujua kama kule wanapima kwa mita au kwa hatua. Mwingine alishapanga pa kuweka banda lake la chipsi. Fundi seremala mmoja, ambaye vijana wake watatu wamemaliza shule na wako nyumbani, hakucheka. Alinivuta pembeni akaniuliza nauli.

Waliniuliza mimi kwa kuwa Nagai nilishafika, Mei ya mwaka uliotangulia, na tangu nirudi nilikuwa nimewachosha kwa hadithi zake.

Kilichotangazwa Yokohama tarehe 21 Agosti, wakati wa mkutano wa tisa wa TICAD kati ya Japani na Afrika, kilikuwa kitu kidogo. JICA, shirika la ushirikiano wa kimataifa la Japani, ilichagua miji minne na kuuoanisha kila mmoja na nchi ya Afrika: Kisarazu na Nigeria, Sanjo na Ghana, Imabari na Msumbiji, Nagai na Tanzania. Yangekuwapo mabadilishano ya watu, ziara, pengine vijana wa kujitolea. Lakini mpango ulipewa jina lenye sauti ya nyumbani kwa mtu, na jina hilo likasafiri haraka kuliko maelezo yake. Huku kwetu tovuti moja ya habari iliandika kana kwamba mji umeshakabidhiwa. Serikali ya Nigeria ikatoa taarifa iliyotaja viza maalumu, taarifa ambayo baadaye iliondolewa. Wajapani wakayasoma hayo, na ofisi za miji hiyo minne zikafurika simu za watu waliodai kwamba wahamiaji wanaletwa kwa mlango wa nyuma. Serikali ya Japani ikakanusha. Tarehe 25 Septemba JICA ikaufuta mpango wote.

Nilisikitika, ila sikushangaa. Nilikuwa nimeona mji ule unavyompokea mtu, na hakuna hata hatua moja ya mapokezi hayo iliyopitia jukwaani.

Mimi ni afisa ugani. Sokoni Igoma naitwa bwana shamba, hata na watu wasio na shamba. Nilikuwa Japani kwa kozi fupi ya kilimo cha mboga, na ilipokwisha zikabaki siku kadhaa kabla ya ndege. Wenzangu walizipeleka Tokyo, kwenye maduka ya kamera. Mimi nikazipeleka Nagai, kwa ajili ya marehemu baba.

Baba alikuwa mtu wa redio. Enzi za Radio Tanzania Dar es Salaam alimfuata Juma Ikangaa, mkimbiaji wetu wa marathoni, kwa moyo ambao majirani waliutumia kwa timu za Pamba na Simba. Fukuoka 1983, Ikangaa aliongoza hadi karibu na utepe, Mjapani Toshihiko Seko akampita mwishoni, tofauti ikawa sekunde tatu. Baba aliisimulia hiyo kama msiba wa ukoo. Kisha ilifuata faraja: Tokyo 1984 ushindi, Tokyo 1986 ushindi tena, mwaka huohuo Fukuoka, na New York 1989 kwa rekodi ya njia ile, saa 2:08:01. Mimi nilizaliwa katikati ya ushindi huo, na nilikua nikiamini Japani ni nchi ambayo Mtanzania huenda kukimbia. Baadaye Ikangaa alifanya kazi na JICA hapa nchini, akawa miongoni mwa waliosukuma Ladies First, mashindano ya riadha ya wanawake yaliyoanza Dar es Salaam mwaka 2017. Nagai nao, mji mdogo usio na bahari wala uwanja mkubwa, katika mkoa wa Yamagata, ulijitokeza kuwa mwenyeji wa Tanzania kwa Olimpiki ya Tokyo, ile iliyosogezwa kutoka 2020 hadi 2021. Nilitaka kuona ni watu gani, kati ya nchi zote za dunia, walioichagua ya kwetu.

Kutoka Tokyo unapanda treni ya kasi iitwayo Tsubasa hadi stesheni ya Akayu. Ni mwendo wa saa mbili na zaidi, na hauna cha kusimulia isipokuwa kwamba chai haimwagiki. Akayu unahamia reli ya Nagai, na hapo dunia inapunguza mwendo. Treni yake ni behewa moja la dizeli, dereva yumo humohumo mbele, na ukishuka unatumbukiza nauli kwenye kisanduku kando yake. Kampuni ya wenyeji iliichukua njia hii mwaka 1988 baada ya wakubwa wa reli kuona hailipi. Haijatajirika mpaka leo, lakini wanafunzi wa sekondari wanaipanda kila siku, na nilikaa katikati yao. Nje ya dirisha yalikuwa majaruba, majaruba, majaruba, yamejaa maji, na nyuma yake milima ya Asahi bado ina theluji mwezi wa tano. Mtu aliyelelewa Usukumani akiona jaruba lililotulia namna ile, mgongo unaanza kumuuma wenyewe.

Niliposhuka Nagai niliingia moja kwa moja ofisi za mji. Sitii chumvi. Tangu 2021 stesheni na ofisi za mji ziko katika jengo moja refu. Upande huu unakata tiketi, upande ule unalipia kodi. Mtumishi hawezi kusingizia foleni ya barabarani.

Nagai ina watu kama 25,000 hivi, na zaidi ya theluthi yao wamevuka miaka 65. Mtu wa Igoma anahitaji muda kuielewa hesabu hiyo. Sensa ya 2022 ilihesabu zaidi ya watu milioni moja katika Nyamagana na Ilemela, wilaya za jiji letu, na ukisimama Igoma saa kumi na mbili jioni unaweza kuapa kwamba wote wanashuka kituo kimoja. Nagai nilitembea barabara ya madukani kutoka mwanzo hadi mwisho nikasikia maji. Mifereji midogo inapita kandokando ya nyumba, maji ya mlimani, safi, na yanasikika kwa sababu hakuna kinachoyafunika. Maduka mengine yalikuwa yameshusha milango ya chuma zamani kiasi kwamba kutu imeandika ramani juu yake.

Asubuhi yake watoto wa shule ya msingi, mikoba mgongoni, walinisalimia barabarani mmoja baada ya mwingine. Kwetu mtoto akikupita bila shikamoo tunauliza ni wa nani. Kijapani changu kilikuwa kinaishia kwenye asante, kwa hiyo nikawajibu kwa Kisukuma, "Mwangaluka," wakacheka wakakimbia. Halafu ikapita Hiace nyeupe yenye maandishi ubavuni, imebeba wazee wanaopelekwa kituo cha kushinda mchana. Nikaijua papo hapo. Ndugu zake wanafanya ruti Igoma wakiwa na maandishi yaleyale ambayo hakuna aliyejali kuyafuta, konda ananing'inia mlangoni, na anayesimama ndani ameinama shingo. Hii ya Nagai ilikuwa na viti vitupu. Nilisimama nikaitazama hadi ikakata kona. Anayenisoma Mwanza atanielewa.

Nilifikia nyumba ndogo ya wageni ya mama mmoja mtu mzima, mjane. Tulizungumza kwa programu ya kutafsiri kwenye simu, tukipokezana kuishika. Jioni ya kwanza aliniletea samaki wa bwawa, koi, aliyepikwa kwa sukari na mchuzi wa soya mpaka akawa mweusi. Watu wa eneo lile, walio mbali na bahari, wanamfuga samaki huyo tangu zama za Uesugi Yozan, mtawala wa Yonezawa katika karne ya 18, aliyehimiza ufugaji huo ili wapate kitoweo. Namheshimu sana Yozan. Lakini samaki hapikwi kwa sukari, na mtu wa ziwani hafundishwi jambo hilo. Nilikula nikamaliza. Tambi za nyama ya farasi, ambazo mji huo unazisifia, nilizikuta tamu kuliko nilivyotarajia, na sitaki kuulizwa zaidi.

Jumamosi ilikuwa sikukuu ya simba weusi. Kila hekalu la eneo lile lina simba wake: kichwa cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi inayong'aa, taya zinagongana ko, ko, na nyuma yake shuka refu lenye michoro ya mawimbi ambalo wanaume wengi wamejazana ndani yake. Mbele yake yuko mlinzi, mtu mwenye kifua hasa, ambaye kazi yake ni kumlazimisha simba arudi hekaluni, na simba hataki. Wanashindana. Watu wanapiga kelele. Kwangu ilikuwa kama niko Bujora. Pale Kisesa, jirani na Igoma kabisa, kwenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, kila Juni kuna Bulabo: Bagika upande huu, Bagalu upande ule, kila kundi linavuta watazamaji kwa manju wake, kwa madoido yake na kwa nyoka wake. Ushindani uleule wa kijiji na kijiji, hata namna wazee wanavyosimama kwa nyuma wakikosoa.

Nilitazama, nikapiga picha. Watu walikuwa wema, walinipisha nisogee mbele, na mvua ilipoanza kunyesha mzee mmoja alinifunika kwa mwavuli wake. Kama ningeondoka kesho yake ningeandika kwamba Nagai ni mji wa watu wakarimu, na ningekuwa sijasema kitu.

Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na wengi tunaichukua methali hiyo kuwa dawa ya wageni wasiojua kuondoka. Mimi jembe nililipewa Nagai, na nadiriki kusema hakuna aliyenikaribisha kabla ya hapo.

Jirani wa mama mwenye nyumba, mzee wa miaka sabini na kitu, alikuwa anapanda mpunga. Anapanda kwa mashine ya kukaliwa. Trei za miche zimepangwa nyuma, vidole vya chuma vinachomoa miche na kuichomeka topeni, safu kadhaa kwa mpigo, kwa unyoofu ambao mama yangu angeuita uchawi. Lakini mashine haiwezi pembe. Inapogeuka inaacha kipande kitupu kila kona ya jaruba, na safu kwa safu kuna mahali inaruka mche, pengo likabaki. Kazi hiyo ni ya mikono, na tangu zamani ilikuwa ya wanawake na watoto wa nyumba. Nyumba ile haikuwa na watoto tena. Mmoja yuko Sendai, mwingine Tokyo, na mke wa mzee magoti yamekataa. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenisemea. Sikusikia alimwambia nini. Niliona tu naletewa mabuti ya mpira yasiyonienea.

Niliyaacha ukingoni nikaingia peku. Tope lilikuwa na baridi ya theluji, lakini tope ni tope. Mama alikuwa na majaruba huko Magu, na likizo zetu za Desemba ziliishia humo. Ukipandikiza, jicho halikai mkononi, linakaa kwenye mstari. Kidole gumba kinasukuma mzizi, viwili vinafunga tope, unarudi hatua nyuma, unaendelea. Mzee alisimamisha mashine. Akanitazama mpaka nikamaliza pembe ya kwanza, kisha akaiwasha akaenda zake. Hakunisifu. Muda si mrefu alileta trei ya miche mwenyewe, akaiweka kwenye pembe ya pili bila neno, na hapo nikajua nimeajiriwa.

Saa nne tulipanda ukingoni kunywa chai na kula matonge ya wali yaliyofungwa kwa mwani mkavu. Aliuliza, kwa simu, kwetu nani anapanda. Nikamweleza kuhusu vikundi: leo wanalima kwa huyu, kesho kwa yule, na kwamba Wasukuma walilima kwa ngoma, majembe yakirushwa juu kwa pamoja. Nikamwonyesha video ya bugobogobo. Aliitazama hadi mwisho, akairudisha mwanzo, halafu akaweka kidole juu ya jembe la kijana wa mbele. Alitaka kujua mpini ni wa mti gani. Kati ya maswali yote niliyoulizwa Japani kuhusu Afrika, na yalikuwa mengi, hilo peke yake liliulizwa na mtu wa kazi akimuuliza mtu wa kazi.

Baada ya majaruba mji ukawa mwingine. Mwenye duka la mboga, ambaye mwanzoni alinipa chenji kwa mikono miwili huku ameinama, sasa alinipa kwa mkono mmoja akishika kiuno chake na kukunja uso, kuniuliza mgongo. Habari zilishazunguka. Kijiwe kipo kila mahali. Kwao kinakaa saluni.

Hata jikoni nilipandishwa cheo. Mama mwenye nyumba alikuwa na ndoo yenye kichujio, ya mabaki ya chakula peke yake, na kabla ya hapo alikuwa akininyang'anya ganda la ndizi mkononi kwa tabasamu. Sasa aliniachia ndoo yenyewe. Asubuhi ya siku ya kukusanya niliibeba mimi hadi kituo cha mtaa, nikaimwaga pamoja na majirani.

Nikiwa mtu wa mboga, hapa ndipo nilipofungua daftari. Wameuita Mpango wa Upinde wa Mvua. Tangu 1997 mabaki ya jikoni ya kaya zipatazo 5,000 za katikati ya mji hukusanywa na kupelekwa kwenye kiwanda cha mboji, yakachanganywa na samadi ya ng'ombe na maganda ya mpunga. Yanachachuka na kuiva kwa karibu miezi mitatu. Wakulima wananunua mboji, na mboga zilizooteshwa kwayo zinarudi mjini na alama yake, zikaliwa na walewale waliotoa maganda. Mmoja wa waanzilishi ni Kanno Yoshihide, mkulima na mfugaji wa kuku, ambaye pamoja na wenzake waliona udongo unachoka kwa mbolea za dukani huku mji uliozungukwa na mashamba ukila mboga za mbali. Kiwanda hakikuja kwanza. Kwanza ilikuja miaka ya vikao: vikundi vya kina mama, wakulima, wafanyabiashara, ofisi ya mji, kila mmoja akitaka kujua atatoa nini na atapata nini.

Pale kituoni sikuona mlinzi wala tangazo la faini. Niliona majirani. Plastiki ikionekana ndani ya mabaki, kila mtu anajua ilitoka ndoo ya nani, na hakuna anayesema kitu, na kutosemwa huko nadhani ni kukali kuliko mgambo wetu wote.

Tarehe 21 Mei ilinikuta hukohuko. Watu wa Igoma hatuhitaji kalenda kwa siku hiyo. Mwaka 1996 nilikuwa shule ya msingi MV Bukoba ilipozama asubuhi, imetoka Bukoba na Kemondo, Mwanza imeshakaribia. Walikufa watu zaidi ya 800. Wengi hawakutambuliwa, na makaburi yao yako kwetu Igoma, ambako kila mwaka ndugu na viongozi huja kuweka mashada. Sisi watoto tulikatazwa kusogea siku zile za mazishi. Tulisogea, na harufu ya dawa iliyomwagwa naikumbuka kuliko kilio.

Nilimwomba mama mwenye nyumba kiberiti na mshumaa. Programu ya simu, ambayo mpaka hapo ilikuwa imetusaidia kununua sabuni na tiketi, ilipofika kwenye meli na makaburi ikatoa sentensi iliyomfanya asimame. Akanipeleka chumba cha nyuma, kwenye kabati la wafu wa nyumba ile, lenye picha ya mumewe. Akawasha ubani, akaweka maji na wali, akagonga kikengele, kisha akasogea pembeni. Zamu yangu. Mimi Mkatoliki nikafanya ishara ya msalaba mbele ya picha ya Mbudha, na hakuna kati yetu aliyeona ajabu.

Baadaye, tukiosha vyombo, ndipo aliponiambia simba wa Jumamosi ni nani. Katika vita vya karne ya 11 aliuawa mkuu mmoja wa kaskazini, Abe no Sadato. Masimulizi ya Nagai yanasema binti yake, Unohana, alikimbilia milima hii, na alipoona hana pa kutokea akajitupa kwenye korongo la Mifuchi, akawa joka la maji. Shuka lile la mawimbi ni mwili wake akiteremka na mto. Ndiyo sababu simba wa huko hujinyonganyonga anapotembea. Kwa hiyo mji ule nao una mtu wake aliyemezwa na maji, na kila mwaka unamtoa, unamchezesha mitaani, unapigana naye arudi. Sisi wa kwetu tunawasomea hotuba. Sipendekezi ngoma makaburini; wafiwa wapo hai na wana neno lao. Ila hotuba za 21 Mei nimeshazisikiliza tangu utotoni, na hakuna niliyowahi kuikumbuka kesho yake.

Sasa turudi kwenye zogo la 2025. Fikiria ofisi ile niliyoshukia kwa treni, yenye watumishi wachache wa mji mdogo, inaamka na kukuta simu zinalia kutoka kila upande wa Japani, kuhusu Watanzania wa kufikirika walio wengi kuliko wenyeji. Huku kwetu tulisoma kwamba tumepewa, tukafurahi bila kujiuliza nani ana uwezo wa kugawa mji wenye wenyewe. Huko walisoma kwamba tunakuja, wakaogopa bila kuuliza nani anakuja kufanya nini. Hofu yao siisafishi. Katika maneno yaliyoandikwa kuhusu Waafrika siku zile yalikuwamo ya aibu. Lakini lawama yangu kubwa inakwenda kwa wapenda vyeti wa pande zote mbili. Walianza na jina na picha ya pamoja, na kazi ikaachwa ije baadaye. Nagai ina pembe za majaruba zisizo na mtu wa kuzipanda, na Mwanza ina vijana wanaojua kupanda. Hapo palikuwa na mazungumzo halali, magumu, ya mkataba na malipo na muda wa kurudi. Yangeweza kuanza ukingoni saa nne, kwa chai. Baada ya zogo lile sijui nani atathubutu kuyaanza.

Katikati ya zogo hilohilo, tarehe 15 Septemba, Alphonce Simbu alikimbia marathoni ya mashindano ya dunia Tokyo. Aliingia uwanjani na Mjerumani Amanal Petros, wakavuka utepe kwa muda mmoja, 2:09:48, na picha ndiyo iliyoamua: Simbu, kwa sehemu tatu za mia za sekunde. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo tangu yaanze. Uwanja wa Wajapani ulimshangilia kwa nguvu. Nilimlilia baba na zile sekunde tatu zake za Fukuoka, kisha nikampelekea mama mwenye nyumba picha ya bendera yetu. Alijibu siku hiyohiyo. Alinipongeza, akasema mpunga wa mzee unakaribia kuvunwa, na mzee anauliza kama Mei nitakuja au atafute mtu mwingine wa pembe. Kuhusu JICA hakugusia chochote.

Kuhusu mboji, nimeanza sokoni Igoma kwa ndoo. Soko letu kila jioni linatoa majani ya kabichi, maganda ya ndizi na viazi, nyanya zilizopondeka, na vyote vinalala kwenye ghuba la taka mpaka gari lije, likija. Mali ipo. Tatizo la kwanza ni plastiki. Mifuko ilipigwa marufuku 2019, lakini vifungashio vidogo vya nailoni vimo katika kila kitu. Hilo nilikuwa na majibu yake. La pili lilitoka kwa mama lishe mmoja mwenye ulimi, alipoona nimeweka ndoo chini ya meza yake.

"Bwana shamba, haya maganda ni ya kwangu," alisema. "Wewe unayachukua, yanakuwa mbolea, unamuuzia wa Fumagila, naye anaotesha mchicha anakuja kuniuzia mimi. Mimi hapo nimepata nini?"

Nagai walilijibu swali hilo kwa miaka ya vikao. Mimi nilipewa muda wa maharage kuiva. Tumekubaliana kwa mdomo kwamba ndoo iliyochambuliwa ni fungu moja la mchicha, na ikikutwa na nailoni ndani, hakuna kitu. Wengine wamejiunga, kwa masharti hayohayo. Mkulima wa Fumagila sasa analalamika kwamba mafungu yamezidi ndoo, mama lishe anasema mafungu yenyewe yamekonda, na Jumamosi tunakaa wote. Mizani atakuja nayo mama lishe. Ya bwana shamba, amesema, haiamini.